Nani Kasema Kiondo Hakina Mbunifu?

Ingia kibanda chochote cha bidhaa za mikono katika maonyesho ya Nairobi, ugeuze lebo inayoning'inia kwenye kiondo kilichotoka Makueni au Kitui. Upande wa mbele kuna jina la mbunifu, kwa herufi kubwa. Nyuma, kwa herufi za kukodolea macho, umeandikiwa kwamba kikapu hiki kimesukwa na akina mama wa Ukambani kwa ustadi waliourithi kutoka kwa nyanya zao, vizazi hadi vizazi. Mmoja ana jina, amesoma, amefanya utafiti. Wengine wana mikono.

Mgawanyo huu umezoeleka hata wasusi wenyewe huukariri mbele ya wageni. Tumeamini kwamba jadi ni kitu kilichokamilishwa zamani na watu wasiojulikana, kikafungwa, kikakabidhiwa. Anayekirudia ni fundi. Anayekibadilisha, mradi ana diploma, ni msanii. Mama wa Kathonzweni akibadilisha, tunasema ameharibu asili.

Imani hii ni ya uongo, tena ni uongo wenye bei. Fundi hulipwa kwa kipande. Mbunifu hulipwa kwa wazo.

Tuanze na mkonge, unaosifiwa kuwa uzi wa mababu. Asili ya mmea huu ni Mexico. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida. Iliyosalimika hadi Tanga ilikuwa 62 tu. Kutoka hapo mkonge ukaenea Tanganyika, ukavuka mpaka na kuingia Kenya mwanzoni mwa karne ya 20, hadi kuwa zao la mashamba makubwa kama Dwa pale Kibwezi. Kabla ya ujio huo, wanawake wa Kikamba walisokota nyuzi za magome ya mbuyu na ya vichaka vya porini. Kwa hiyo kuna wakati ambapo mwanamke fulani, ambaye hakuna aliyejishughulisha kuliandika jina lake, alilishika jani hili geni lenye mwiba, akalikwaruza nyama yake ya kijani, akazianika nyuzi, akazisokota juu ya paja, akauvuta uzi kuona utakatika lini. Akaulinganisha na ule wa mbuyu. Akaangalia unavyoshika rangi. Akaamua.

Kitendo hicho kikifanywa na mtu mwenye koti jeupe, tunajua tunakiitaje. Tangu 2012 Taasisi ya Utafiti wa Misitu, KEFRI, ikishirikiana na shirika la Japani la JICA, imekuwa ikichagua miti bora ya mukau inayostahimili ukame na kuipanda katika bustani za mbegu kule Tiva, Kitui, na Kibwezi, Makueni. Ni kazi nzuri, na hakuna anayeiita kitu kingine isipokuwa utafiti. Lakini kuchagua, kujaribu, kulinganisha na kutupa kisichofaa ndiyo kazi aliyoifanya mwanamke yule wa mkonge. Tofauti ni kwamba yeye hakuandika ripoti.

Sasa tazama kiondo kinavyojengwa, kwa sababu wanaosema "mikono" aghalabu hawajakaa chini kutazama. Kazi huanzia katikati ya kitako. Nyuzi za mtande hufungwa pamoja na kutawanywa pande zote. Kisha nyuzi mbili za mshindio huanza kuzunguka kwa pamoja: moja inapita mbele ya uzi wa mtande, nyingine nyuma yake, zinapishana, halafu ile iliyokuwa nyuma inakuja mbele ya uzi unaofuata. Kadiri kitako kinavyopanuka, nyuzi mpya za mtande lazima ziingizwe, la sivyo kikapu kitaanza kujikunja mapema na kuwa bakuli. Kuziingiza wapi, na ngapi, ni uamuzi.

Hapo ndipo hesabu inapoanza. Msusi akitumia mshindio mmoja mweusi na mwingine mweupe, na idadi ya mtande ikiwa shufwa, kila mzunguko utaurudisha weusi mahali palepale, na mistari ya wima itapanda kuanzia kitako hadi mdomo. Idadi ikiwa witiri, weusi utaangukia pale palipokuwa na weupe katika mzunguko uliopita, na ukuta mzima utajaa madoa yanayopishana. Uzi mmoja tu wa mtande ndio unaotenganisha mapambo hayo mawili. Anayetaka kuanza na mistari, ahamie madoa, kisha arudi kwenye mistari, lazima ajue mapema ni mzunguko gani ataongeza uzi mmoja na ni upi atakaoongeza mwingine. Hayo yote anayabeba kichwani huku akiendelea kusokota, akimtuma mtoto dukani na kumjibu jirani. Ukimwambia mtu huyu kwamba amerithi mikono, umemtukana. Uzuri wake, au ubaya, ni kwamba hana muda wa kukasirika.

Wale wanaokwenda kwa wachongaji wakidhani huko watakutana na jadi isiyoguswa nao watavunjika moyo. Vinyago vya Wakamba, twiga na vifaru na akina mama waliobeba kuni, vinavyouzwa kila duka la watalii kutoka Nairobi hadi Mombasa kama sauti ya kale ya Afrika, havina umri mkubwa. Inasimuliwa kwamba Mutisya Munge wa Wamunyu, katika Machakos ya leo, alikwenda Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, akawatazama wachongaji wa huko, wengine wanasema Wazaramo, wengine Wamakonde, akarudi nyumbani na wazo. Si kwamba Wakamba hawakuwa wakichonga. Walikuwa na vijiko na viti vya wazee vya miguu mitatu, vingine vikipambwa kwa waya mwembamba wa shaba uliopigiliwa ndani ya mti kwa ustadi wa kushangaza. Kilichokuwa kipya ni sanamu ya kuuzwa kwa mgeni. Mtu mmoja alisafiri, akachunguza mbinu za watu wengine, akazilinganisha na patasi za kwao, akasoma soko. Biashara hiyo ilikua hata mwaka 1963 wachongaji wa Kikamba wakawa na chama chao cha ushirika Changamwe, Mombasa.

Tena huyo Mkamba akachonga sana nini? Shujaa wa Kimaasai na mkuki wake. Alijua mzungu anataka Mmaasai, akampa. Anayetafuta usafi wa utambulisho humo ndani, namtakia safari njema.

Watetezi wa imani hii hujibu kwamba hata kama kulikuwa na mabadiliko, kazi za jadi hazina mwenyewe. Ni za jamii nzima, ndiyo maana hazina sahihi. Nao wamekosea. Wafinyanzi wa Kikamba, ambao tangu zamani walikuwa wanawake, walikuwa wakikitia chungu alama kabla ya kukichoma, kila mfinyanzi alama yake. Mizinga ya magogo iliyotundikwa mitini, na hata mishale, ilikuwa na alama za wenyewe. Chungu kikivuja, mnunuzi alijua pa kukirudisha. Kama hiyo si sahihi, basi sahihi ni nini?

Aliyezifuta sahihi hizo ni mwenye kuandika kadi ya makumbusho. Mwanaethnografia wa Sweden, Gerhard Lindblom, aliishi Ukambani mwaka 1911 na 1912 akaandika kitabu kinene ambacho hadi leo kina manufaa makubwa, kisha akaja kuongoza makumbusho ya ethnografia ya Stockholm. Simlaumu yeye peke yake. Ilikuwa desturi ya zama zake. Lakini tazama kadi za vitu vya Afrika mashariki katika makumbusho ya Ulaya: jina la mkusanyaji lipo, mwaka upo, kabila lipo. Jina la aliyekitengeneza kitu halipo. Lebo ya kibanda cha Nairobi ni mjukuu wa kadi hiyo, tofauti ni kwamba mkusanyaji sasa anaitwa mbunifu.

Ugomvi wangu hauwahusu wabunifu wote. Katungulu Mwendwa wa lebo ya Katush anashona mavazi ya leo huku akizichunguza mbinu za zamani. Syowia Kyambi ameufanya mkonge na udongo kuwa lugha ya kuuliza historia ilituachia majeraha gani. Kazi zao ni za kwao na wanastahili majina yao. Ninachokataa ni ule utaratibu ambao mtu anatuma picha ya rangi za msimu kwa WhatsApp, anaandika vipimo kwa sentimita, kisha mama wa Mwingi anatatua matatizo yote: kwamba rangi ile haipatikani kwa magome, kwamba umbo lile litapinda likibeba kilo 3, kwamba pambo lile halitakutana vizuri mahali mzunguko unapoishia. Baada ya hayo yote jina linaloandikwa ni la mtuma picha.

Hoja moja ya upande wa pili naiheshimu. Wazee husema mwacha mila ni mtumwa, nao wanauliza: kama mkonge umetoka Mexico, sufu ya rangi ikatoka kiwandani, na sanamu ikatoka Tanganyika, Ukamba umebaki wapi? Swali ni zuri. Ila wanautafuta katika malighafi, nami nautafuta kwa mwenye kuamua. Sufu ya kiwandani ilipopendwa na wasusi kwa sababu inang'aa na inapunguza kazi ya kusokota, uamuzi huo ulifanyika Ukambani, na watu wa Ukambani, kwa sababu zao. Huenda ulikuwa uamuzi mbaya. Mimi binafsi naona vikapu vile vilichuja haraka na macho yangu hayakuvipenda. Lakini ulikuwa wao. Kinyume chake, kikundi kinaweza kusuka kwa mkonge mtupu, kwa rangi za mizizi na matope, kila kitu "asili" kama mnunuzi alivyoagiza, na humo ndani pasiwe na wazo hata moja la msusi. Kati ya hivyo viwili najua kipi nitakiita cha Kikamba.

Na si kila msusi ni mvumbuzi, tusidanganyane. Wengi hurudia walichokiona kwa jirani, kama wabunifu wengi wa Nairobi wanavyorudia walichokiona Pinterest. Katika kila kikundi, kwenye vikundi hivi vyenye mizizi katika mwethya, desturi ya Wakamba ya kusaidiana kazi, kuna wawili au watatu ambao wenzao huwaendea pambo likikwama. Wanajulikana kwa majina. Kinachokosekana ni mtu wa kuuliza.

Badala ya kuuliza, tumeshikilia hadithi kwamba Japani ilituibia kiondo kwa kukisajili kama patenti yake. Hadithi hiyo husimuliwa kila mkutano wa utamaduni, na sijawahi kumsikia msimulizi akitaja namba ya patenti wala mwaka wake. Patenti hutolewa kwa uvumbuzi mpya. Kikapu kilichokwisha kuuzwa hadharani kwa miongo kadhaa kingepitaje? Kilichotuumiza kinaeleweka bila patenti yoyote: vikapu vya kuiga, vilivyotoka viwandani Asia, viliuzwa kwa bei ya chini. Lakini hadithi ya wizi inatupendeza kwa sababu inatuweka sote pamoja, wasusi, madalali na waandishi, kama "sisi" tulioibiwa. Haitulazimishi kuuliza nani kati yetu alilipwa nini.

Sheria nayo imeimeza nusu ile imani kwamba jadi haina mbunifu. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 11, inalitaka Bunge litunge sheria ya kuhakikisha jamii zinalipwa utamaduni wao unapotumiwa, na mwaka 2016 tukapata sheria ya kulinda maarifa ya jadi, inayozipa kaunti jukumu la kuweka rejista. Vyema. Ila ulinzi wake unaegemea kitu kilichopokezanwa kizazi hadi kizazi na kinachoitambulisha jamii. Pambo lililobuniwa mwezi uliopita na mama wa Nzaui halina kizazi cha kulishuhudia. Kwa pambo hilo kuna mlango mwingine, Sheria ya Mali ya Viwanda ya 2001, ambayo humlinda mwenye umbo jipya kwa miaka 5, tena huweza kuongezwa mara mbili hadi 15. Wabunifu wa mjini wanaujua mlango huo. Katika mikutano ya vikundi vya wasusi unatajwa kwa nadra, kwa sababu walioitisha mikutano hawajafikiri kwamba mbele yao wamekaa wabunifu.

Kaunti zinaweza kulirekebisha hili. Kitui ilipofungua kituo chake cha ushonaji, KICOTEC, pale Syongila mwaka 2018, ilionyesha kwamba serikali ya kaunti inaweza kuweka pesa penye mikono ya watu wake, na mwaka 2020 barakoa zikatoka hapo. Sare na barakoa ni kazi ya heshima, lakini ni kazi ya kufuata mchoro. Chuo Kikuu cha SEKU kiko Kwa Vonza, ndani ya kaunti hiyohiyo. Sioni kinachomzuia msusi aliyebobea kuitwa pale kufundisha wanafunzi jinsi uzi mmoja unavyogeuza mistari kuwa madoa, alipwe kama mhadhiri mgeni anavyolipwa, badala ya wanafunzi kupelekwa kijijini kumpiga picha.

Na ile rejista ya kaunti, kabla haijajazwa "jamii: Wakamba" ukurasa baada ya ukurasa, iongezewe safu mbili: jina la aliyebuni, pale anapojulikana, na mwaka aliobuni. Wabunifu wa Nairobi wakitaka kulitumia pambo lake, watakuwa na mtu wa kumpigia simu, na mtu huyo atakuwa na haki ya kutaja bei yake, au ya kukataa.