Deni la Bodi ya Mikopo Nalo ni Deni

Ni ada yetu Waislamu kwamba, jeneza likishawekwa mbele ya safu, mmoja wa jamaa wa marehemu husimama na kutangaza kuwa mwenye kumdai marehemu ajitokeze. Mwenye duka hujitokeza, fundi cherehani hujitokeza, na mara nyingi husamehe papo hapo. Tulipomzika kijana mmoja mwalimu hapa Bariadi hakujitokeza mtu, nasi tukasali tukitumai kuwa ameondoka mwepesi. Siku ya tatu baba yake, mkulima wa pamba wa Itilima, akatuletea karatasi aliyoikuta ndani ya begi la mwanawe. Ilikuwa taarifa ya deni la Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu. Bodi haiji makaburini. Mzee akatuuliza, "Ustadhi, hili nalo ni deni?"

Swali hilo si la mzee yule peke yake. Katika misikiti yetu ya Simiyu wamo vijana wengi waliosoma kwa mikopo hiyo, na tumewasikia wakijitetea kwa hoja mbili.

Hoja ya kwanza ni kwamba fedha za Serikali ni zetu sote, hivyo asiyelipa hajamdhulumu mtu. Ndugu zetu, hoja hii inamgeukia mwenyewe. Bodi iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004, ikaanza kazi Julai 2005, na kila mkopaji alitia saini mkataba. Ikiwa mali ni ya wote, basi wadai ni wote, na kuwaomba radhi mamilioni ya watu ni kazi ngumu kuliko kumwomba radhi mwenye duka. Wakulima wa mkoa huu wanaujua uchungu wa kudai. Msimu wa 2019 pamba ilitangazwa kwa shilingi 1,200 kwa kilo, ikachukuliwa, na wengi wakakaa miezi wakisubiri malipo. Mtoto wa mkulima huyo asione kumzungusha mdai ni ujanja.

Hoja ya pili ni nzito zaidi, nayo ni riba. Kwa miaka mingi deni hili lilitozwa asilimia 6 kila mwaka kwa jina la kulinda thamani ya mkopo. Jina halibadilishi hukumu. Ziada iliyoshurutishwa juu ya deni wanavyuoni wameiita riba, na ile tozo ilikuwa na sura hiyo hiyo. Hebu tuhesabu. Aliyekuwa na deni la shilingi milioni 10 aliongezewa 600,000 kwa mwaka. Mwenye mshahara wa msingi wa 700,000, akikatwa asilimia 8 iliyokuwapo zamani, alilipa 672,000 kwa mwaka. Basi mwaka mzima wa makato ulimpunguzia deni kwa shilingi 72,000 tu! Alhamdulillah, tarehe 1 Mei 2021, katika sherehe za Mei Mosi jijini Mwanza, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kuifuta tozo hiyo, na adhabu ya asilimia 10 kwa waliochelewa nayo ikaondolewa mwaka huo huo. Ni haki kushukuru. Ama anayesema kwamba kwa kuwa palikuwa na riba basi deni lote limebatilika, na aisome aya ya 279 ya Suratul Baqara. Hapo mwenye kutubia riba ameachiwa rasilimali yake. Riba huondoka, rasilimali hubaki.

Aya inayofuata, ya 280, inamzungumzia mdaiwa mwenye dhiki, kwamba apewe muda mpaka awe na wasaa. Na hapa sisi tuna neno na watunga sheria. Marekebisho ya mwaka 2016 yalipandisha makato kutoka asilimia 8 hadi asilimia 15 ya mshahara. Mwalimu yule yule wa 700,000 akatoka makato ya 56,000 akaingia 105,000 kwa mwezi, na kodi ya nyumba haikumngoja. Waliojiajiri waliwekewa asilimia 10 ya kipato, lakini isipungue shilingi 100,000 kwa mwezi. Kijana mwenye shahada anayeendesha bodaboda ya mtu kati ya Bariadi na Maswa ataitoa wapi? Kima kisichotazama kipato hakimpi mwenye dhiki muda wowote. Tunaomba kiangaliwe upya. Hata Uingereza mwaka 2014 Serikali ilikusanya maoni ya wananchi juu ya mkopo wa wanafunzi usio na riba kwa ajili ya Waislamu. Kumbe mlango wa kuomba upo.

Lakini kungoja sheria ibadilike huku umezima simu si njia. Ulijue deni lako kwanza, kwa namba yako ya mtihani wa kidato cha nne. Itake taarifa kamili na uikague kama tozo zilizofutwa bado zimo. Ofisi ya kanda iliyo karibu nasi ni ya Mwanza, basi nenda au andika, eleza hali yako kwa ukweli, omba kulipa kidogo kidogo kwa kiasi unachokiweza. Lipa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, usimkabidhi mtu fedha mkononi. Aliyeajiriwa atunze hati zake za mshahara, kwani kukatwa ni jambo moja na fedha kufika Bodi ni jambo jingine. Na aliyemaliza adai barua ya kumaliza.

Nanyi matajiri wa Bariadi, wenye maduka na wenye mifugo, mnapogawa zaka mnawakumbuka mafakiri na mnawasahau al-gharimin, wenye madeni, waliotajwa pamoja nao katika aya ya 60 ya Suratut Tawba. Aliyekopa kwa jambo la halali, muda wa kulipa ukafika naye hana, ni mstahiki. (Pamba yenyewe, kwa madhehebu ya Shafii, haina zaka ya mazao, ila fedha zake zikifika nisabu na kupitiwa na mwaka zina zaka. Tunaulizwa hili kila msimu.) Mtume (s.a.w.) alisita kumsalia maiti mwenye deni la dinari mbili mpaka Abu Qatada alipolibeba, na Allah alipomfungulia riziki akawa analipa mwenyewe madeni ya maiti wa Waislamu.

Yule mzee tulimjibu kuwa ndiyo, ni deni, na kwamba katika Suratun Nisaa deni hutangulia mirathi. Tukamwandikia barua ya kuuliza Bodi kiasi kilichobaki na hukumu yake kisheria, akaambatisha cheti cha kifo, akapanda basi la alfajiri kwenda Mwanza. Pikipiki na ng'ombe wanne wa marehemu bado hawajagawiwa.