Gazeti la Ijumaa

Kila Ijumaa, katika saa zile ambazo waumini wa Mombasa, Malindi na Lamu hutia udhu na kuelekea misikitini, serikali ya Kenya hutoa waraka uwezao kumpa mtu shamba au kumwondolea, na waraka huo hupita juu ya vichwa vya wengi wetu mithili ya wingu la kiangazi. Jina lake ni Kenya Gazette, nasi kwa lugha yetu twaliita Gazeti Rasmi la Serikali. Lilianza kutolewa mwezi wa Novemba 1899 papa hapa Mombasa, zama ambazo mji huu ulikuwa makao ya utawala wa Waingereza na Nairobi haijapita kuwa kambi ya reli, na tangu hapo halikuacha kunena habari zetu, ingawa ni nadra mno kunena nasi. Ni kwa ajili ya gazeti hilo ninawaandikia, enyi jamaa zangu wa pwani na ndugu zetu wa bara, nikitaraji kwamba mtanivumilia, kwani maneno ya sheria ni makavu na hayalainiki kwa pupa.

Mwenye kudai kwamba hati yake ya ardhi imepotea hutangazwa humo, na msajili huweka ilani kwamba zikipita siku 60 pasipo pingamizi atatoa hati mpya. Mwenye kutaka kusimamia mirathi ya marehemu hutangazwa humo vilevile, na aliye na hoja juu ya mirathi hiyo hupewa siku 30 za kuifikisha mahakamani. Sheria iliyopitishwa na bunge na kutiwa sahihi na rais hupigwa chapa humo ndani ya siku 7, na isipokuwa yenyewe imejiwekea siku nyingine, huanza kutumika siku ya 14 baada ya kuchapishwa. Hata sheria za kaunti hazina nguvu mpaka zichapishwe gazetini. Siku za pingamizi na za kuanza kwa sheria huhesabiwa tangu tarehe iliyoandikwa juu ya gazeti, wala hazingoji habari imfikie mjane wa Matuga au mvuvi wa Faza, kwa maana sheria humdhania kila raia kuwa amekwisha kusoma, na dhana hiyo ina uzito kuliko kiapo cha asemaye kuwa hakusoma.

Wazee wetu waliionja shubiri hii kabla yetu. Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya hatimiliki za ardhi ya pwani, iliyomtaka kila mwenye madai ayalete mbele ya afisa aliyewekwa kuyasikiliza na kuyaandika, na ardhi ambayo hapakutokea mtu wa kuidai ikahesabiwa kuwa milki ya Mfalme wa Uingereza. Waliokuwa na wakili, au jamaa katika afisi, au elimu ya kuzifahamu hati, walipeleka madai yao. Lakini wengi katika Wamijikenda, na Waswahili wasiokuwa wachache, hawakupeleka, ama kwa kuwa habari haikuwafikia, ama kwa kuwa hawakuona maana ya kwenda kumwomba mgeni awape ardhi ambayo ndani yake wamezikwa babu zao. Wajukuu wa watu hao ndio waitwao leo maskwota. Mtu akiniuliza ni hasara gani ipatikanayo kwa kutosoma karatasi za serikali, mimi simpi hoja, humchukua tukatembea naye katika vijiji vya Kilifi na Kwale, akajionea nyumba zilizosimama miaka mingi juu ya ardhi isiyo na hati.

Udhuru wa masafa, ambao ulikuwa udhuru wa haki kwa wazee wale, kwetu umepungua sana. Baraza la Taifa la kutoa taarifa za sheria, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1994 na ambalo watu hulijua kwa jina la Kenya Law, huliweka gazeti hili katika mtandao bila malipo, na matoleo ya kale, hata yale ya 1899, yamekwisha kupigwa picha na kuhifadhiwa katika mitambo. Yule aliyelazimika zamani kufunga safari mpaka kwa Mpiga Chapa wa Serikali huko Nairobi, leo hulifungua kwa simu hali amekaa barazani kwake akinywa kahawa. Lakini mlango uliofunguliwa usiku wa manane, katika nyumba isiyo na taa, humfaa nani? Gazeti laandikwa kwa Kiingereza, ilhali ibara ya 7 ya katiba ya 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na, pamoja na Kiingereza, kuwa lugha rasmi. Ilani moja ya shamba la Msambweni hufuatwa na nyingine ya Eldoret, na ya tatu ya kampuni inayovunjwa, na fauka ya hayo matoleo maalumu hutoka siku yoyote apendayo mtoaji. Mzee mmoja wa mtaani kwetu alikwenda katika afisi fulani kuulizia ilani ya kiwanja cha marehemu kaka yake, akajibiwa na kijana, ambaye hakuinua hata macho, kwamba yote yamo mtandaoni. Mzee alirudi akaniuliza mtandaoni ni mtaa gani. Nilicheka, kisha nikaona haya kwa kucheka kwangu.

Na hapa sharti nitaje jambo ambalo wapenda uwazi wenzangu huliruka. Ilani za ardhi hubeba majina ya watu pamoja na nambari za vitambulisho vyao. Katika karatasi iliyolala juu ya rafu ya maktaba jambo hilo halikuwa na madhara makubwa, kwani mwizi gani angejitia taabu ya kupekua majalada yenye vumbi. Ila katika mtambo, ambapo jina lolote hutafutwa na kupatikana kwa kupepesa jicho, nambari hiyo ni ufunguo ulioachwa mlangoni. Mimi sitaki gazeti lifungwe kwa kisingizio hicho. Nataka nambari zifichwe na ilani zibaki.

Liko pia suala la amana. Januari 2012 mtu mmoja wa Indonesia aliingilia tovuti 103 za serikali ya Kenya na kuzichafua, nasi tukatambua jinsi ukuta wa hazina yetu ulivyo mwembamba. Lakini lililo zito zaidi kwangu ni la mwaka uliofuata, ilipotolewa ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, ambayo ndani yake yamo maelezo marefu ya dhuluma za ardhi ya pwani. Makamishna watatu waliotoka nchi za nje walikataa kuitia sahihi sura ya ardhi, wakisema kwamba ilibadilishwa isivyo halali baada ya kukamilika, nao wakaandika hoja zao za kupinga. Leo mwenye kutaka kuzilinganisha nyaraka za tume hiyo atazikuta zimehifadhiwa vizuri katika hazina ya mtandaoni ya chuo cha sheria cha Seattle, huko Marekani. Nawashukuru watu wa Seattle, wala sina ila nao. Bali si jambo la fahari kwamba mwana wa Tana River akitaka kujua nini kiliandikwa juu ya ardhi ya baba yake, nakala iliyo salama aipate ng'ambo ya bahari mbili.

Isidhaniwe kwamba watu wetu hawataki kusoma. Mwaka 2024, ulipochapishwa mswada wa fedha, vijana waliupakua wakausoma kifungu kwa kifungu, wakaufasiri kwa Kiswahili na kwa lugha za makwao, wakawaeleza wengine kwa picha fupi za simu, mpaka muuza mboga sokoni akawa anajadili kodi ya mkate. Yaliyofuata yanajulikana, na damu iliyomwagika katika maandamano ya Juni ya mwaka ule haisahauliki. Rais alikataa kuutia sahihi mswada ule tarehe 26 ya mwezi huo. Ninalolishika mimi ni lile lililotangulia maandamano: nchi nzima ilisoma waraka wa serikali kwa pamoja. Kwa nini basi tusome mara moja katika umri, tena kwa hasira, kitu ambacho chatoka kila wiki?

Kwa hiyo nawaita tuyatende haya. Kila mtaa na kila kijiji uchague vijana wawili au watatu walio mahiri wa Kiingereza na wenye Kiswahili fasaha, wapitie gazeti Ijumaa kwa Ijumaa, watoe humo kila ilani iliyo na jina la sehemu yao, waifasiri kwa ufupi, na waisome hadharani: Waislamu baada ya sala, Wakristo Jumapili yake baada ya ibada, na asiyekwenda huku wala huku akaisome ikiwa imebandikwa dukani. Pawe na daftari la kuandika tarehe ya ilani na siku ya mwisho ya kuweka pingamizi. Nakala zihifadhiwe katika mitambo zaidi ya mmoja, na zile zituhusuzo zichapwe juu ya karatasi na kukabidhiwa maktaba au shule, kwa kuwa karatasi haiulizi nywila wala haiishiwi chaji.

Tena tuandike, na tuandike kwa wingi. Sheria ya mwaka 2016 ya haki ya kupata taarifa yamruhusu raia kuomba kwa Kiingereza au kwa Kiswahili. Asiyeweza kuandika, afisa wa taarifa amewajibishwa kumsaidia na kuliweka ombi lake katika maandishi. Kutuma ombi hakuna ada, isipokuwa gharama ya nakala. Jibu sharti litoke ndani ya siku 21, na ndani ya saa 48 pale penye uhai au uhuru wa mtu. Wala haki hiyo haipunguzwi na sababu aliyonayo mwombaji. Anyimwaye ana njia ya kupeleka lalamiko kwa tume ya haki ya utawala, ile iitwayo Ombudsman. Ombi la kwanza ninalowasihi tulitume, kila mtu kwa mkono wake na kwa jina lake, ni kuuliza kuna mpango gani wa kulitoa gazeti hili kwa Kiswahili, walau muhtasari wa ilani za ardhi na mirathi. Barua moja hupotea katika trei ya karani. Barua elfu huhitaji kabati.

Mtaani kwetu tumekwisha kuchagua baraza, ile iliyo mkabala na kisima cha zamani, na mwenye duka ametoa mkeka na taa. Tutaanza Ijumaa hii baada ya Alasiri. Wa kwanza kuketi mbele ni yule mzee, naye ameniagiza nianze na ilani za Kwale.