Mchezo Haurithiwi kwa Macho: Hoja kutoka Isecheno juu ya Filamu za Vibonzo

Kila mchezo wa video unaopendwa unapogeuzwa kuwa filamu ya vibonzo kwa watoto na wazazi wao, kauli mbili hurudiwa. Ya kwanza ni ya wahakiki: mchezo wa video hauna kisa cha maana, kwa hiyo filamu itokanayo nao haiwezi kuwa na maudhui. Ya pili ni ya wapenzi wa mchezo: filamu ni njema kadiri inavyoonyesha kila walichokizoea. Kauli hizi huonekana kupingana, lakini kwa hakika ni pacha. Zote mbili huuchukulia mchezo kuwa kitu cha kutazamwa. Aliyewahi kusimama katika uwanja wa ngoma huko Isecheno, pembezoni mwa msitu wa Kakamega, hana udhuru wa kuikubali yoyote kati yake.

Lugha ya Kiswahili imekwisha kutoa hukumu yake. Neno mchezo hubeba mashindano ya uwanjani, tamthilia ya jukwaani na shughuli ya mtoto uani. Ngoma nayo huchezwa. Tangu Fasihi na Sanaa za Maonyesho ya Penina Muhando na Ndyanao Balisidya (1976), wanafunzi wa taaluma hii wamezoea kutaja nguzo nne za sanaa hiyo: dhana inayotendeka, mtendaji, uwanja na watazamaji. Mchezo wa video unazo zote, ila mtendaji na mtazamaji ni mtu mmoja. Anayesema mchezo huo hauna fasihi kwa kuwa kisa chake ni chembamba anaipima ngoma kwa mizani ya riwaya.

Mfano ulio dhahiri ni Super Mario Bros., mchezo uliotolewa na Nintendo ya Japani mwaka 1985. Kisa chake hakijazi kiganja: fundi bomba anakwenda kumwokoa binti mfalme. Maana yake haimo humo. Imo katika kuruka, kuanguka, kufa na kuanza upya, hadi kidole kijue kile ambacho ulimi hauwezi kukieleza. Filamu ya mwaka 1993, iliyoigizwa na watu, iliyachukua majina ikauacha mwendo, nayo ikaanguka sokoni. Ile ya vibonzo ya mwaka 2023, iliyoongozwa na Aaron Horvath na Michael Jelenic, iliingiza zaidi ya dola bilioni 1.3. Wahakiki waligawanyika, na wengi wa walioilaumu walilalamikia wembamba wa kisa. Walikosea shabaha. Filamu hiyo ina nguvu pale ndugu wawili wanapokimbia katika mitaa ya Brooklyn huku picha ikiwafuata kwa ubavu, na pale Mario anapoanguka tena na tena katika njia ya vikwazo. Hapo kurudia, ambako ndiko uhai wa mchezo, kumegeuzwa kuwa fani ya filamu. Udhaifu wake uko kwingine: pale kumbukumbu zinapopangwa mbele ya mtazamaji kama bidhaa dukani, naye asitakiwe kufanya lolote ila kuzitambua.

Huenda ikasemwa kwamba soko limekwisha kuamua. Soko huhesabu waliolipa kiingilio. Halielezi walichopewa wala walichonyang'anywa. Tena suala hili si la Wajapani na Wamarekani pekee. Mwaka 2014 UNESCO iliiweka isukuti, ngoma ya Waisukha na Waidakho, katika orodha ya urithi usioshikika unaohitaji kuhifadhiwa kwa dharura. Ngoma hiyo ina ngoma tatu, kubwa, ya wastani na ndogo, pamoja na pembe ya paa na njuga za chuma. Kiongozi huimba, wanaume na wanawake hucheza katika safu zao. Huchezwa mtoto azaliwapo, katika jando, arusini na matangani. Hata fahali wa Shinyalu husindikizwa nayo uwanjani. Asiyecheza huitikia, na asiyeitikia huulizwa kimoyomoyo amekuja kufanya nini. Ikipandishwa jukwaani kwa dakika chache mbele ya waamuzi walioketi, mavazi hubaki, mdundo hubaki, lakini watu wengine wote waliokuwa watendaji hugeuzwa kuwa macho matupu.

Ngano nazo zimepita njia hiyo. Tinga Tinga Tales, mfululizo wa vibonzo uliotengenezwa Nairobi na kuanza kuonyeshwa mwaka 2010, ulichukua ngano za wanyama na kuzivika rangi za mtindo wa Edward Saidi Tingatinga. Uzuri wa rangi hizo haukanushiki. Hata hivyo, mtambaji asemapo paukwa hungoja pakawa, na asipoipata hasimulii. Runinga haingoji. Ni nyimbo za mfululizo huo zinazomrudishia mtoto sehemu ya haki yake, kwa kuwa anaweza kuziimba. Na ndizo zinazostahili kuchunguzwa kabla ya rangi.

Kwa hiyo swali la uaminifu, ambalo tahakiki za uhamishaji hulipenda mno, limeulizwa vibaya. Swali halisi ni hili: filamu imemlipa nini yule iliyemnyang'anya zamu yake ya kucheza? Idara za fasihi zinazofundisha uhamishaji kwa kulinganisha kisa na kisa hazimwandai mwanafunzi kulijibu. Zinamfundisha kuhesabu vilivyobaki, hali kilichoondoka ni nafasi ya mtu. Siku isukuti itakapogeuzwa kuwa vibonzo, Isecheno haitahitaji mhakiki wa kuthibitisha kwamba ngoma zimechorwa tatu. Itamhitaji atakayeuliza kama mtoto aliyeketi mbele ya picha ameachiwa mahali pa kuitikia.