Rais Si Mahakama, Gavana Si Bunge: Funzo la Muguka

Wacha niseme mapema: hapa sipiganii jaba, na sipiganii wanaoichukia. Napigania swali moja ambalo wakubwa wamelikwepa tangu Mei 2024. Kaunti ikiona kitu kinaharibu vijana wake, na Nairobi inasema kitu hicho ni halali, nani ana neno la mwisho?

Turudi nyuma kidogo. Tarehe 23 Mei 2024, gavana wa Mombasa Abdulswamad Nassir alitoa amri: muguka usiingie kaunti yake, usisafirishwe, usiuzwe. Kilifi ya Gideon Mung'aro ikafuata, Taita Taveta nayo ikapanga foleni. Siku chache tu, viongozi wa Embu wakiwa na gavana wao Cecily Mbarire wakaketi Ikulu na Rais Ruto. Wakatoka na jibu: marufuku ni batili, kwa sababu muguka unatambuliwa na Sheria ya Mazao ya 2013 na kanuni za miraa za 2023. Mahakama Kuu ya Embu nayo ikasimamisha marufuku hiyo kwa muda. Magavana wa Pwani wakasema hawabanduki.

Mtandaoni tukagawanyika timu mbili, Pwani na Embu, matusi yakaanza. Mimi niko Kithyoko. Ukivuka bwawa la Masinga uko Mbeere, na huko kuna mzazi analipa karo kwa muguka. Ukirudi upande huu kuna msee wa rika langu ameketi besi tangu asubuhi, shavu limefura, siku imeisha na hajafanya kitu. Huyo mzazi hadanganyi. Mama ya huyo msee pia hadanganyi. Watu wawili wakiwa na haki na bado wanagongana, ndiyo kazi ya sheria. Lakini sheria ndiyo kitu ambacho hakuna upande uliotumia vizuri.

Tuanze na Ikulu. Hoja yao ni fupi: sheria ya taifa inatambua hili zao, basi kwisha maneno. Kwani Katiba inasema hivyo? Fungua Jedwali la Nne. Kaunti zimepewa kazi ya kudhibiti dawa za kulevya, na zimepewa pia leseni za pombe. Halafu soma Kifungu cha 191. Hakisemi Nairobi hushinda kila mara. Kinasema sheria ya taifa inashinda ikitimiza masharti: kwa mfano, jambo lenyewe liwe linahitaji kanuni moja nchi nzima, au liwe linahusu usalama wa taifa au biashara inayovuka mipaka ya kaunti. Masharti yasipotimia, sheria ya kaunti ndiyo inayoshinda. Imeandikwa wazi, si mimi nasema.

Na nani anapima kama masharti yametimia? Mahakama. Si kikao cha Ikulu na viongozi wa upande mmoja.

Ukitaka kuona hiyo hoja inavyoyumba, angalia bia. Shayiri ni zao halali, iko na wakulima wake, na serikali inakula ushuru wa bia kila siku. Je, umewahi kusikia mtu akisema kaunti haiwezi kunyima baa leseni eti kwa sababu shayiri inatambuliwa kitaifa? Kutambua mmea shambani si kumpa muuzaji ruhusa ya kuweka meza kwa lango la shule.

Sasa tugeukie magavana, maana nao wasijifiche. Kifungu cha 191 kinaongea kuhusu sheria kugongana na sheria. Amri ya gavana si sheria. Sheria inapitia bunge la kaunti, wananchi wanaulizwa maoni, mwenye kibanda anasikizwa, mama anasikizwa. Ukiruka hayo yote unatengeneza kitu ambacho wakili yeyote anaweza kukiangusha kabla ya chai ya saa nne. Halafu Kifungu cha 209 tayari kinaonya kaunti zisitoze ada kwa njia inayozuia bidhaa kutembea nchini. Kama hata ada ina mpaka, utazuia vipi gari linalopita tu? Piga vita kinachouzwa kwako. Njia si yako peke yako.

Usidhani hii ni drama ya Kenya pekee. Marekani wanaifanya na bunduki. Majimbo mengi huko yana sheria inayokataza miji kujitungia masharti ya silaha. Florida imekuwa nayo tangu 1987, na tangu 2011 kiongozi wa mji akijaribu anaweza kupigwa faini yeye binafsi na kufutwa kazi. Mji wa Boulder, Colorado, ulipiga marufuku bunduki za kivita mwaka 2018. Machi 12, 2021, jaji akaizima marufuku hiyo kwa sababu ya sheria ya jimbo. Siku kumi baadaye, mtu aliingia supamaketi ya King Soopers mjini humo akaua watu 10.

Usiniweke maneno mdomoni. Huyo mtu alinunua bunduki yake mji mwingine, kwa hivyo marufuku ya Boulder pekee huenda isingemzuia. Na ndiyo maana hapa kwetu naona ni sawa leseni za silaha kubaki kazi ya taifa: bunduki ikikatazwa Machakos na kuruhusiwa Kitui, ni safari ya bodaboda tu. Lakini angalia Colorado walifanya nini baadaye mwaka huo huo. Walibadilisha sheria, wakaruhusu miji kuweka masharti makali kuliko ya jimbo, ila si legevu kuliko ya jimbo. Yaani sheria ya juu iwe sakafu, isiwe dari.

Hiyo ndiyo nataka kwa muguka. Taifa liseme mkulima wa Mbeere ana haki ya kupanda na kusafirisha. Kaunti nayo, kupitia bunge lake, iseme nani anauza, wapi, saa ngapi, umbali gani kutoka shule, na leseni ni pesa ngapi. Mombasa ikitaka kukaza kuliko Embu, ikaze, na mahakama ipime kwa Kifungu cha 191. Mkulima habaki njaa, na mtoto wa darasa la saba hanunui jaba akienda nyumbani.

Najua mtasema sheria inachukua muda. Ndiyo, inachukua. Lakini marufuku ya haraka imetupa nini? Kelele, kesi, na besi iko pale pale.

Kwa hivyo kabla ya kuchagua timu, muulize MCA wako swali moja: mswada wa kaunti yetu kuhusu muguka uko wapi? Akianza kukuambia habari za Rais au za gavana, mkumbushe kwamba hukuuliza hao. Umemuuliza yeye, kwa sababu kutunga sheria ya kaunti ndiyo kazi uliyompigia kura.