Msimchangie Mtaji wa Karata

Na Mwana wa Ilala

Jumapili iliyopita nilikaa kwenye kikao cha familia, Tabata, nyumbani kwa dada yangu, na hadi naandika haya hasira haijanitoka. Kikao kiliitishwa kumchangia mpwa wangu. Haoi, hajafiwa, hajapata shule ya nje. Alikuwa anachangiwa mtaji wa kwenda kucheza poka.

Ndiyo, mmesoma sawasawa. Watu wazima, wawili kati yao wastaafu wa serikali, walifungua daftari, wakaandika majina na ahadi, ili kijana wa miaka 29 arudi kwenye meza ya karata. Aliyeongoza kikao ni baba yake mdogo, shemeji yangu. Akasimama, akasema kijana ni mchapakazi, ameteleza tu, na hata mvuvi kuna siku hurudi mikono mitupu.

Nilimjibu pale pale na namjibu tena hapa. Mvuvi aliyekosa samaki hurudi pwani na nyavu zake. Huyu fedha ndiyo nyavu na fedha ndiyo samaki, na usiku ukimwendea vibaya bahari inabaki na vyote. Shemeji akanitazama kama niliyevunja sahani kwenye harusi, kikao kikaendelea.

Sasa sikilizeni kilichonichoma zaidi. Dada yake kijana huyu, binti anayeshona vizuri kuliko mafundi wengi wa Kariakoo, aliomba mwaka jana laki sita za cherehani. Hakuna aliyefungua daftari. Aliambiwa avumilie, hali ni ngumu. Kwa nini kaka yake anapata na yeye anakosa? Kwa sababu kaka alikuja Krismasi moja na gari. Toyota IST ya mkononi, nyeusi, akaipaki chini ya mwembe, akagawa noti za elfu kumi kwa mashangazi. Tangu siku ile ukoo mzima ukaamua kwamba karata ni kazi. Gari likauzwa kabla ya Pasaka, lakini Pasaka hakuja, kwa hiyo hakuna aliyeona.

Huyu kijana alikuwa mhasibu. Kampuni ya malori, ofisi ya chumba kimoja, mshahara usiotosha lakini unaofika, na mwajiri akimwekea mchango wake NSSF kila mwezi. Akaanza kucheza kwenye simu usiku, akashinda kidogo, akaanza kwenda kasino mwisho wa wiki, akashinda zaidi, akaandika barua ya kuacha kazi. Mama yake alinipigia simu akilia. Baba yake mdogo alimpigia akimpongeza.

Kwa mnaojua wahedu-sitini na arobastini tu, niwaambie poka ni mchezo gani, kwa sababu mtego uko hapo. Katika ile wanayoicheza sana, kila mtu anapewa karata mbili zake za siri, kisha tano zinafunuliwa mezani kwa ajili ya wote, hatua kwa hatua, na katika kila hatua watu wanaweka fedha, wanapandisha au wanakimbia. Huchezi dhidi ya kasino. Unacheza dhidi ya watu wenzako, na kasino inakata chake kwenye kila kitita, mara nyingi kama asilimia 5 hadi kikomo fulani. Kwa hiyo ni kweli ustadi upo. Anayejua hesabu na kusoma watu, akicheza muda mrefu, atamzidi asiyejua. Anayebeti mkeka wa mpira moyoni anajua anabahatisha. Mcheza poka amesoma, amefanya mahesabu, ameshinda kwa miezi kadhaa, na kila siku ana hoja ya kweli ya kuendelea. Ndiyo maana mimi naiogopa poka kuliko mkeka.

Kikaoni mpwa wangu hakusema mengi. Lakini baba yake mdogo alikuwa amekaririshwa jina moja, Moneymaker, na alilitaja kama watu wanavyomtaja mtakatifu. Chris Moneymaker ni mtu wa kweli, na hilo ni jina lake halisi la ukoo. Alikuwa mhasibu, Tennessee, Marekani. Mwaka 2003 aliingia mashindano madogo ya intaneti kwa dola 86, akapata tiketi ya mashindano makubwa ya dunia kule Las Vegas ambayo kiingilio chake ni dola 10,000, akaibuka mshindi na kuondoka na dola milioni 2.5. Mhasibu! Shemeji alilipiga neno hilo mezani kama muhuri.

Hakuna aliyemwambia kilichofuata. Mwaka ule wa Moneymaker washiriki walikuwa 839. Mwaka 2006 walikuwa 8,773. Wahasibu, walimu, wanafunzi wa vyuo, wote wamesikia habari ya mtu mmoja. Fedha za washindi hazishuki kutoka mbinguni, ni viingilio vya hao wanaorudi nyumbani kimya.

Na kama tunataka kutaja watakatifu, tumtaje Stu Ungar. Wanaoujua mchezo wanamhesabu miongoni mwa wachezaji hodari zaidi kupata kutokea. Alitwaa ubingwa huo huo mwaka 1980, akautwaa tena 1981, na tena 1997. Mara ya tatu hakuwa hata na kiingilio, alilipiwa na rafiki yake, na ile zawadi ya dola milioni 1 wakagawana. Novemba 1998 alikutwa amekufa katika chumba cha hoteli ya bei rahisi Las Vegas, umri miaka 45, moyo umechoshwa na miaka ya dawa za kulevya. Rafiki zake walichangishana kulipia mazishi. Nililisema hili kikaoni. Shangazi mmoja akaniambia nisimtabirie mtoto mabaya.

Nikamchukua mpwa wangu barazani. Nilimkuta amekonda, macho mekundu, vidole vyake vinacheza juu ya goti bila yeye kujua. Analala baada ya adhana ya alfajiri na kuamka saa tisa alasiri, kwa sababu kwenye intaneti meza nono hujaa jioni ya Ulaya na Amerika, ambayo kwetu ni usiku kucha. Nikamuuliza kinachomuumiza ni nini hasa, kupoteza fedha?

“Mjomba, kupoteza nimekuzoea,” akasema. “Kinachonimaliza ni kutojua. Ofisini hesabu ikikataa, natafuta kosa mpaka nalipata. Huku nimepoteza miezi minne, natafuta kosa kila asubuhi, na usiku mwingine halipo. Sijui kama nimekuwa mbovu au ni upepo tu.”

Akanieleza habari ya ree mbili. Ukishika ree mbili na mwenzako akashika mizungu miwili mikubwa, wewe ndiye mbele, na ukiweka fedha zote utashinda takriban mara nne kati ya tano. Maana yake utapoteza karibu mara moja katika kila tano, ukiwa umefanya kila kitu sawasawa. Usiku mmoja ilimtokea mara mbili. Mara ya pili kitita kilikuwa sawa na kodi yake ya miezi mitatu. Damu ikampanda, akahama kwenda meza kubwa zaidi ili arudishe zote kabla hakujakucha, na huko ndiko mtaji mwingi ulikobaki. Wachezaji wana jina la hali hiyo, wanaiita tilti, na mabingwa wenyewe wanakiri kuwa imewafilisi wengi kuliko karata mbaya.

Ndugu zangu, mimi nimefanya kazi ngumu na nimeishi na wanaofanya kazi ngumu kuliko zangu. Sijaona kazi inayoitesa akili namna hii. Unafanya vizuri unaadhibiwa, mwenzako anafanya upuuzi analipwa, na hakuna msimamizi, fundi mkuu wala mteja wa kukuambia lipi lilikuwa lipi. Jibu linakuja baada ya maelfu na maelfu ya migao. Mtu mwenye kodi ya kulipa tarehe moja hana maelfu hayo.

Kisha akanieleza jambo ambalo halikuwa kwenye swali langu. Kwamba akiingia kasino, kitu cha kwanza anachokitafuta ni meza yenye mlevi. Au mfanyabiashara aliyetoka kugombana na mkewe. Huo ndio ustadi wenyewe, akasema, kuchagua watu dhaifu na kukaa mkono wa kushoto wao. Kijana huyu alilelewa sakristia. Nilimtumikisha mimi mwenyewe misa ya kwanza ya mapadri wawili. Sasa riziki yake inamtaka kila usiku aombe mtu mwingine aje ameharibikiwa. Aliponiambia hivyo sauti ilimkatika, na nikajua kwamba hata angeshinda, angeshindwa.

Tuje kwenye mtaji, kwa kuwa ndiyo ajenda ya shemeji. Wanaoishi kwa poka wanahimizana sharti moja: uwe na akiba ya viingilio visivyopungua 20 au 30 vya meza unayochezea, zaidi sana kama unacheza mashindano, na fedha hiyo isiguswe na kitu kingine chochote. Isiguswe! Nioneshe Tabata, nioneshe Mbagala, nioneshe Ilala yangu, fedha isiyoguswa. Mpwa wangu alikuwa nayo. Ilikaa wiki chache. Ikatoka ada ya mdogo wake. Ikatoka rambirambi ya msiba kule Korogwe, na kukodi Coaster ya kutupeleka sote kwenye mazishi. Mwezi Machi dada yangu akalazwa, hospitali ikataka fedha za kuanzia, kijana akatoa bila kuuliza. Alifanya jambo la heri na nitamsifu mpaka nizikwe. Lakini alirudi mezani usiku ule ule na nusu ya mtaji, kwenye meza ile ile, akiwa na hofu ya mama yake kifuani. Kilichobaki kilidumu siku mbili.

Hapo ndipo kikao kizima kilinikera. Wale wale waliokula mtaji wake, kwa ada, kwa msiba, kwa gari walilolisifia, ndio walioketi kumpa mwingine ili waule tena. Mchezaji wa Las Vegas anayesifiwa kwa nidhamu ya fedha hana ukoo wa watu arobaini wenye namba yake ya simu. Sisi tunao, na mimi sitaki tuuache. Nataka tukubali kwamba mtu mwenye ukoo kama wetu hawezi kuwa na fedha ya aina hiyo, na asiye nayo anafilisika hata akiwa stadi.

Hata fedha zilizo kwenye simu yake si zake mpaka ziingie mkononi. Aprili 15, 2011, waendesha mashtaka wa Marekani walizifungia tovuti kubwa za poka kwa mpigo. Wachezaji wa Marekani waliokuwa wameweka fedha zao Full Tilt, mojawapo ya tovuti hizo, walianza kurudishiwa mwaka 2014. Hao walikuwa na serikali yao ya kuwapigania. Mpwa wangu akiba yake ilikuwa kwenye programu ya simu ambayo hata ofisi yake iko nchi gani hakuweza kunitajia.

Wapo wanaoishi kwa mchezo huu, nakubali, na wengine wanaishi vizuri. Ni wachache, wengi wana fedha za watu wengine nyuma yao, na hakuna hata mmoja aliyeanza kwa daftari la michango la Tabata.

Niliporudi ndani ahadi zilikuwa zimefika milioni mbili na laki nne. Nikaombwa yangu. Nikasema nitatoa, lakini si kwa karata: nitalipa kodi yake ya miezi mitatu moja kwa moja kwa mwenye nyumba, nitamlipia matibabu, kwa maana kijana anaumwa na hakuna aliyeliona, na ile laki sita ya cherehani ya dada yake naitoa mimi. Shemeji akasema namvunja moyo kijana. Kijana mwenyewe hakusema neno. Aliinama, akafunika uso kwa viganja, akalia mbele ya watu wote, na wazee walitazama sakafu.

Kwa hiyo nawasihi, wazazi, wajomba, mashangazi na hasa akina baba wadogo. Kijana akikuambia anaishi kwa karata, au kwa mkeka, usimsifie gari. Muulize amelala lini. Akifilisika, mpe chakula na kitanda, mpeleke hospitali, pale Muhimbili ipo idara ya magonjwa ya akili na si aibu kuingia, kisha msaidie kutafuta kazi hata ya mshahara mdogo. Kumpa mtaji ni kulipia usiku mwingine wa mateso yake.

Na wewe kijana unayenisoma kwenye simu hiyo hiyo unayochezea, ukiwa kasino mtazame anayegawa karata. Hajaweka shilingi mezani, ana zamu, ana likizo, na mwisho wa mwezi analipwa mshahara. Ukitaka kula kwa karata, kaombe kazi yake.