Saa kumi na moja za Guangzhou

Na Hamisi Mtoro

Muulize wakala yeyote wa tiketi hapa Gerezani, Dar es Salaam: Guangzhou ni mbali kiasi gani. Hakutajii kilomita. Atakuuliza kwanza: "Unaunga, au unakwenda moja kwa moja?"

Kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 8,700. Ukifika katikati ya njia uko juu ya bahari, jirani na pwani ya Kerala, India. Shirika la ndege la ATCL lilipoanza kupeleka Dreamliner huko mwaka 2021, baada ya korona kuvuruga mipango ya 2020, Kariakoo ilishangilia: takriban saa kumi na moja, umefika. Kurudi huwa kurefu kidogo, hasa majira ya baridi kule China, kwa kuwa upepo wa juu hutoka magharibi na ndege inapambana nao.

Hata hivyo wazoefu wengi bado wanapitia Dubai. Njia hiyo inaongeza kilomita elfu moja na ushee, na anayeunga vibaya hulala nusu siku kwenye kiti cha uwanja wa ndege, kichwa juu ya begi. Lakini ndege za Ghuba zipo kila siku; ya moja kwa moja ina siku zake. (Na mwenye tiketi ya saa 6:40 usiku akumbuke tarehe imeshageuka. Wapo wanaofika Jengo la Tatu la uwanja wa ndege na mabegi yao kumbe ndege iliondoka usiku uliotangulia.)

Mimi naona tunabishania saa zisizo na maana. Saa za muuza vipuri wa Gerezani zinaanza kuhesabiwa siku anapobadili shilingi kuwa dola, na zinakoma siku katoni ya pedi za breki inapofunguliwa dukani. Katikati hapo kuna kuzunguka masokoni Guangzhou, kungoja kontena la kuchangia lijae, mwezi na zaidi baharini, kisha bandari, forodha na foleni ya malori. Muda wote huo hela haiko mkononi, kodi ya fremu inadaiwa, na jirani aliyetangulia kuleta mzigo uleule ameshashusha bei. Kuokoa saa chache za safari hakumrudishii mtu huyo mtaji wake mapema hata kwa siku moja.

Kwa hiyo ndege ninayoiona ya Kariakoo ni ile Boeing 767 ya mizigo ya ATCL iliyopokelewa Juni 2023. Haitabeba vigae wala masufuria, bei ya kilo haikubali. Simu, vioo vyake na vipuri vidogo vyenye thamani inaweza kuvifikisha ndani ya siku chache, mtaji ukazunguka mara mbili kabla meli haijatia nanga. Ningependa kuona ratiba yake na bei ya kilo vimebandikwa Mtaa wa Msimbazi kabla hatujaletewa tangazo jingine la tiketi.