BASTOLA CHINI YA SHATI

Ndugu zangu wa Unguja na Pemba, nawaandikia kutoka Ihumwa, mashariki ya mji wa Dodoma, kando ya njia kuu iendayo Morogoro, ninakouza sukari na sabuni. Dukani kwangu hupita Mgogo na fimbo yake, mara nyingine na mkuki. Sijapata kumwogopa, kwani silaha yake naiona toka mbali, na mwenyewe namjua kwa jina lake na la baba yake. Nimwogopaye ni yule mwenye shati lililotuna kiunoni.

Wenye kutunga sheria duniani wamehitilafiana katika jambo hili. Afrika Kusini, sheria ya mwaka 2000 yaamrisha silaha ichukuliwayo hadharani ifunikwe kabisa. Kule California, Marekani, kutembea na bunduki yenye risasi, ikionekana na kila mtu, kulikuwa halali mpaka 1967. Watu weusi wa chama cha Black Panther walipoanza kuwafuata polisi wakiwa na bunduki mikononi, sheria ikageuzwa upesi. Bunduki zilikuwa zile zile. Mikono ndiyo iliyobadilika.

Kwetu, raia atakaye bastola yampasa kupata leseni kwa sheria ya 2015. Vyema, ajulikane. Hata mimi muuza sabuni leseni yangu imetundikwa ukutani. Lakini Machi 23, 2017, nje ya hoteli ya Protea, Dar es Salaam, mtu asiye na sare alimchomolea bastola Nape Nnauye, aliyekuwa ameondolewa uwaziri siku ile ile, mbele ya waandishi wa habari. Na Septemba 7 mwaka huo huo, mchana, hapa Dodoma, Tundu Lissu akamiminiwa risasi nyumbani kwake akitoka Bungeni. Waliompiga wakaitwa "watu wasiojulikana", na hakuna aliyehukumiwa. Sisemi kuwa mambo haya mawili ni ya mkono mmoja. Nasema yote mawili yalivaa nguo za raia.

Tutajibiwa kuwa askari kanzu hamkamati mwizi kwa kutangaza bastola yake. (Jina hilo nalo lanikera, kanzu ni vazi la kwendea msikitini.) Haya, na aifiche. Lakini bastola ikishachomolewa mbele ya watu, ni siri gani iliyobaki? Hapo mwenye kuishika aonyeshe kitambulisho, ataje jina na kituo chake, liandikwe, apate kuitwa mahakamani. Asiyeweza, akamatwe papo hapo kama jambazi.

Mtaniuliza: na Januari 27, 2001? Kweli, waliotupiga risasi siku ile walikuwa na sare, na bunduki zao zilionekana wazi. Sare haikutuokoa. Lakini tulijua ni nani wa kumdai, na serikali ikalazimika kuunda tume na kuhesabu maiti. Wa shati atahesabiwa na nani?

Kifungu hicho ndicho tukitakacho kiandikwe katika sheria, kwa maneno ambayo hata askari wa zamu ya usiku atayafahamu.

Mwenye Duka, Ihumwa